Kisanduku cha Kumi na Nne

Fomu imekuja kutoka makao makuu, kurasa sita,
na barua ya mtu asiyewahi kulala Tabora:
"Kila mtumishi ahuishe taarifa zake kabla ya Ijumaa."
Ahuishe. Nimelitazama sana neno hilo,
kana kwamba hadi sasa tulikuwa marehemu.

Wa kwanza kuingia ni Nsabi Mayunga,
mgeuza njia za reli, miaka ishirini na sita,
kofia mkononi, grisi kwenye mistari ya viganja
haitoki hata kwa mafuta ya taa.
Tukajaza jina. Tukajaza tarehe ya kuzaliwa,
ile ya faili, si ile anayoisema mama yake.
Ndugu wa karibu: Kabula, mke, Isevya.
Halafu kisanduku cha kumi na nne:
Ujuzi. Herufi zisizidi arobaini.

"Andika navuta wenzo."
Wenzo wenyewe unaondoka, nikamwambia.
Mwezi wa tisa njia zitageuzwa kwa kioo:
kijana ataketi penye kiyoyozi, ataguse, chuma kitii.

"Basi andika: naweka kiganja relini nikajua ya mizigo
imepita Igalula, na behewa la nne au la tano
lina gurudumu linalochechemea.
Andika namjua dereva kwa honi,
yupi ana usingizi, yupi kagombana nyumbani.
Andika ile masika iliyobeba tuta,
nilivyokwenda na taa usiku nikaisimamisha ya abiria,
wakanitukana kwa kuwachelewesha."

Nikahesabu, na nafasi nazo.
Arobaini ziliishia kwenye "mizigo".

Nikafungua faili lake, kadibodi iliyoshonwa kwa uzi wa gunia.
Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa karani aliyenitangulia:
Hana ujuzi.
Wino wa bluu, bado haujapauka.
Kukaimu: mara tano. Posho ya kukaimu: inashughulikiwa.
Inashughulikiwa.
Inashughulikiwa.
Katikati, vikaratasi vyembamba
ambavyo hakuna aliyewahi kuvisoma kwa pamoja:
kijana huyu aambatane na Nsabi miezi mitatu,
kijana huyu aambatane na Nsabi.
Kumi na mmoja. Wote wamepanda vyeo,
wawili wako Dodoma, mmoja Mwanza,
na Shija, aliyetia sahihi kwenye "ahuishe",
ni hapa yadini alipofundishwa
kutofautisha taa nyekundu na jua linalozama.

Nikaandika: Mwalimu.
Kompyuta ikakataa. Chagua kutoka kwenye orodha.
Orodha ina mwashi, ina mhasibu,
ina hata mpishi daraja la pili.
Mwalimu hayumo; sisi si shule.
Nikateremka hadi chini kabisa, kwenye Mengineyo,
nikamwacha hapo na wenzake.

Nsabi akachukua kipande cha michembe sahanini mwangu,
akatafuna taratibu. Hakuuliza atapelekwa wapi.
Aliuliza hicho kioo, ukikigusa, kina joto au baridi.
"Vuguvugu," nikasema.
"Basi tutazoeana. Wenzo alfajiri unauma."
Kisha: "Na wewe, umejaza yako?"

Yangu iko chini ya chupa ya chai tangu Jumatatu.
Masjala inafungwa, Nsabi. Karatasi zinahamia
mahali wanapopaita wingu, wala hakunyeshi.
Nami nitaulizwa, kwa herufi arobaini, ninajua nini.
Najua faili lenye barua mbili za onyo
na katikati yake cheti cha mtoto mgonjwa.
Najua aliyesaini kwa dole gumba
mpaka alipojifunza jina lake kwenye kaunta hii.
Najua kabati la "inashughulikiwa", na vumbi lake.

Amekwishavuta kiti upande wangu,
ameshika kalamu kama anavyoshika koleo.
"Haya sema, nitaandika mimi."
Nje, ya kutoka Usoke imepiga honi.
Hakugeuka.
"Huyo hajalala," amesema,
akaanza jina langu, herufi moja moja.